Barua ya wazi: Mwacheni kikaragosi aulize

Kwa waheshimiwa magavana wa kaunti 6 za Pwani ya Kenya, kwa mawaziri wa kaunti mnaosimamia utamaduni, mazingira, afya na elimu ya chekechea, na kwa maafisa wote ambao saini zenu ndizo hutufungulia uwanja au hutufungia.

Assalamu alaikum. Wasio wa salamu hiyo, hamjambo. Na walionizidi umri, shikamooni.

Mimi ni mchezesha vikaragosi. Kwa miaka 14 nimepita madikoni wavuvi wanakopandishia mashua, masokoni, viwanja vya shule na vivuli vya miembe, kutoka Vanga hadi Faza, nikiwa na wenzangu watano, masanduku matatu, nguzo nne za jukwaa na shuka jeusi. Nawaandikia kwa ajili ya swali moja lililoulizwa mbele yetu, nasi tukaadhibiwa kwa kuliacha litoke. Naomba mnisome hadi mwisho, maana ninaloliomba limo ndani ya kisa chenyewe.

Ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja kwa sababu sikuja kushtaki, ilitupa kazi ya kuelimisha watu juu ya taka za plastiki. Tulikabidhiwa mchezo uliokwisha kuandikwa, kurasa sita, na mhusika mkuu alikuwa kasa. Tukampa jina Bi Kasa. Kichwa chake tulikifinyanga kwa magazeti yaliyolowekwa na uji mzito wa unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka, tukakianika siku tatu. Gamba ni malapa tuliyookota ufuoni, ya buluu, ya kijani na mekundu, tukayakata vipande na kuyashona kwa uzi wa nyavu. Wazo hilo tulilipata kwa Flipflopi, lile jahazi lililojengwa Lamu kwa plastiki kuukuu, likavikwa malapa 30,000 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Mapezi ya Bi Kasa yana vijiti kwa chini, ili anapoogelea juu ya shuka aende polepole, kama kasa aendavyo. Anapokosa pumzi, mchezeshaji huvuta uzi mmoja tu na shingo hurudi ndani. Hapo ndipo watoto hunyamaza. Nimeona uwanja mzima wa shule ukinyamaza kwa uzi ule mmoja.

Mchezo tuliopewa ulikuwa hivi: Bi Kasa anauona mfuko wa plastiki, anadhani ni yavuyavu, anaumeza, anaugua, anakufa. Kisha mvuvi kijana anawageukia watu na kuwaambia wasitupe taka ovyo. Makofi, picha ya pamoja na bango, tumemaliza.

Tulicheza kwenye diko moja baada ya alasiri, mashua zikiwa zimeshapandishwa. Bi Kasa alipoukaribia ule mfuko, mama mmoja aliyeketi mbele, mama karanga, yaani mkaanga samaki, mwenye beseni lake la samaki kando, aliinuka. Hakunisemesha mimi. Hakumsemesha afisa aliyekuwa pembeni kwenye kiti. Alimwambia Bi Kasa: "Pole, mwanangu. Lakini hebu niambie. Nina mjukuu, na mjukuu anatumia pampasi nne kwa siku. Gari la taka huku halijaonekana tangu kabla ya Ramadhani. Nilichimba shimo, likajaa, maji ya bamvua yakaingia yakazitoa zote. Nikizichoma, jirani ana pumu. Nizitupe wapi?"

Katika zile kurasa sita hamkuwa na jibu. Kijana wetu aliyekuwa chini ya shuka, mkono wake ndani ya shingo ya kasa, alingoja kidogo. Kichwa cha Bi Kasa kikamwelekea mama, kikainama, kikageuka taratibu kumtazama afisa, kisha kikarudi kwa mama. "Mimi ni kasa, bibi," akasema. "Hilo silijui. Nami ningependa kulijua."

Watu wote wakageuka kumtazama afisa. Hakuna aliyezomea wala aliyecheka. Walikuwa wanangoja jibu, kama mtu anavyongoja chenji yake.

Wiki mbili baadaye tulipata barua kwamba tumetoka nje ya ujumbe ulioidhinishwa, kwamba nusu ya malipo iliyobaki haitatolewa, na kwamba siku nyingine tusisimamishe jukwaa bila kibali kipya.

Waheshimiwa, nusu ile ya malipo tumeshaisahau. Kinachoniandikisha ni kwamba lile lililoitwa kosa ndiyo kazi yenyewe. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, na adhabu yake ni faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Watu wanajua. Mama karanga hufunga samaki wake kwa gazeti. Ujumbe ulifika diko lile zamani, na ungeweza kuupeleka tena mara kumi kwa kikaragosi, kwa redio na kwa fulana, usimwongezee mama yule hata kitu kimoja. Anachokosa ni gari la taka na siku ya kulitarajia. Jambo hilo alilijua yeye, na alilisema hadharani, kwa adabu, mbele ya mtu aliyeweza kulifikisha ofisini. Siku ile kaunti ilipewa bure habari ambayo washauri huilipisha.

Watu wazima humwambia kikaragosi mambo ambayo hawamwambii chifu, wala daktari, wala mimi. Nimeliona hili mara nyingi mno, siwezi kuliita bahati. Kila aliyeketi pale anajua kwamba ni magazeti na gundi na kwamba ndani mna mkono wa mtu. Hata mtoto wa miaka minne anajua. Hata hivyo macho hubaki kwa kikaragosi. Ukimwambia siri hana jirani wa kumpelekea. Ukimkosoa hakununii. Mke hawezi kumkabili mumewe mbele ya watu kwamba juya lake, ule wavu wa kukokota, linazoa vifaranga vya samaki, lakini anaweza kumwuliza Bi Kasa, "Hivi leo umewaona watoto wa tasi wangapi huko chini?" na mume yuko palepale, anasikia kila neno, na heshima yake haijaguswa. Sisi watu wa Pwani si wageni wa mambo haya. Leso zetu husema, taarab husema, mashairi ya kujibizana yamesema miaka na mikaka. Kikaragosi ameingia kwenye mlango uliokuwa wazi siku zote.

Hata neno lenyewe linatokana na mwulizaji. Karagosi ni Karagöz wa Waturuki, yaani jicho jeusi, kivuli cha ngozi iliyochongwa na kutiwa rangi, kikichezeshwa nyuma ya shuka lenye taa. Karagöz hakusoma. Mwenziwe Hacivat ni msomi wa maneno makubwa. Sehemu kubwa ya mchezo wao ni Karagöz kumrudisha msomi kwenye lugha ya mtaani, amwambie hasa anakusudia nini. Mwaka 2009 UNESCO iliuingiza mchezo huo katika orodha ya turathi za binadamu zisizoshikika. Kwetu neno lilikuja likageuka tusi: kiongozi asiye na msimamo huitwa kikaragosi wa fulani. Nadhani tusi hilo ndilo linalowafanya baadhi yenu mtuone kama watu wa kuamrishwa, tuseme mliyotuandikia kisha tukunje shuka. Na wala si kitu kigeni bara letu kuchezesha sanamu. Usukumani, kusini mwa Ziwa Victoria, vyama vya ngoma vimechezesha sanamu za miti katika mashindano yao tangu zamani.

Aliyenifunza kazi hii alikuwa miongoni mwa vijana waliofunzwa katikati ya miaka ya 1990, ukimwi ulipokuwa ukizoa watu na hakuna aliyetaka kulitamka jina lake msibani. Ndipo lilipoanzishwa kundi la Community Health Awareness Puppeteers, ambalo wengi walilijua kwa kifupi kama CHAPS, likafunza wachezeshaji sehemu nyingi za Kenya. Miongoni mwa walimu wa mwanzo alikuwa Gary Friedman wa Afrika Kusini. Kwao, mwishoni mwa miaka ya 1980, ubaguzi wa rangi ukiwa bado ni sheria, alikuwa amechezesha barabarani vikaragosi vikubwa kuliko mtu, vya kuwaeleza watu habari za ukimwi. Ngozi za vikaragosi vile alizipaka rangi ya kijivu. Si weusi, si weupe, ili asitokee wa kusema ugonjwa huu ni wa watu wale. Mwalimu wangu alikuwa akituhadithia habari ya rangi ile kila tulipoanza kutengeneza kichwa kipya. Kabla hujachanganya rangi, alikuwa akisema, jiulize nani atapata kisingizio cha kutojiona.

Jambo la pili alilotufunza ni kwamba mchezo ni dakika 20 na kazi ni saa inayofuata. Mchezo ukiisha vikaragosi havirudi sandukuni. Hukaa ukingoni mwa jukwaa, na watu huviuliza, huvikemea, hupanda wenyewe na kuvichezesha, huubadilisha mwisho. Tunaitazama saa hiyo kama mvuvi anavyotazama rangi ya maji. Bahati mbaya, kwenye mikataba yetu saa hiyo haimo. Tunalipwa kwa onyesho na kwa idadi ya vichwa. Fomu ina mahali pa kuandika waliohudhuria, wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi, na mahali pa kubandika picha. Miaka 14, sijawahi kukutana na fomu yenye mahali pa kuandika waliuliza nini.

Niwape mfano wa kilichopotea kwa kukosa mahali hapo. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti nchi nzima, na Lamu, yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, wakata boriti wakajikuta ghafla hawana kazi. Tulikuwa na mchezo wa mikoko wakati huo. Kikaragosi wetu Babu Mchu, mti mzee wa mikokoni, alikuwa na hotuba nzuri, jinsi mizizi yake inavyolea kamba na kaa na kuvunja nguvu ya mawimbi. Mzee mmoja aliyekata boriti maisha yake yote alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema: "Babu, baba yangu alikukata, na babu yake alikukata, na mimi nimekukuta upo. Nikueleze tulivyokuwa tukikukata?" Akaeleza. Alianza na miti: mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi, upi hutoa nini na upi huachwa. Akaja kwenye unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kwamba ukivuka kipimo fulani unaacha mti usimame uzae. Akataja wapi hupumzishwa na kwa muda gani. Mwishowe akamwuliza Babu Mchu, "Sasa anayekumaliza ni mwenye shoka au ni mwenye tingatinga?"

Tulikaa kimya sote. Usiku ule tuliifuta hotuba ya Babu Mchu na kuiandika upya, na mpaka leo mchezo ule una maneno ya mzee yule. Lakini hakuna karatasi ya serikali iliyopokea somo lake, na lilikuwa somo la msitu kutoka kwa mtu aliyeujua mti kwa mti. Marufuku ya mikoko ya Lamu baadaye yaliondolewa. Sijui ni mangapi ya aina hiyo yamesemwa mbele ya vikaragosi yakaenda na upepo.

Sasa nije kwenye sheria, maana najua ofisi hufunguka kwa sheria. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kuondoa taka na kusimamia majaa. Jedwali hilohilo limezipa shughuli za utamaduni na burudani za umma, na elimu ya chekechea. Kwa hiyo mwenye fagio na mwenye jukwaa ni serikali moja, na milango ya idara zake iko kwenye ujia mmoja. Ibara ya 10 inautaja ushiriki wa wananchi kati ya maadili ya taifa. Ibara ya 33 inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, ya 69 inaitaka serikali ihimize umma kushiriki katika kuyatunza, na ya 196 inaliagiza bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake.

Nimehudhuria vikao vya ushirikishaji wa umma. Tangazo hutoka gazetini, hema hufungwa, viti hupangwa, hati ya kurasa nyingi kwa Kiingereza hugawiwa watu wawili watatu wa mbele. Kipaza sauti huanza kwa wazee na kuishia kwa vijana wa siasa. Mama karanga hayupo, kwa sababu kikao kimewekwa saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi ndipo mashua zinarudi. Mkata boriti hayupo. Akiwepo, hatazungumza mbele ya watu waliovaa suti kuhusu jambo linaloweza kumfanya akamatwe. Ripoti huandikwa kwamba wananchi wameshirikishwa, na kwa karatasi ni kweli.

Hapa ndipo lilipo ombi langu kubwa. Litambueni onyesho la vikaragosi, pamoja na ile saa inayofuata, kuwa namna mojawapo ya kuushirikisha umma, kwa sheria au kwa kanuni ya kaunti. Awepo karani wa kaunti, aketi mkekani na si kwenye kiti cha pembeni, aandike kila swali kwa maneno ya aliyeuliza, bila jina lake. Maswali yaende kwa idara husika. Na jibu lirudi palepale, kwa Kiswahili, ndani ya muda unaojulikana. Mimi ningesema siku 30. Hata jibu likiwa kwamba fedha hazipo, lirudi. Tutampa Bi Kasa alisome. Mtu akijibiwa kwamba hakuna, anajua pa kuanzia. Asipojibiwa anajifunza kutouliza tena, na diko lililoacha kuuliza ni diko gumu sana kulifanyia kazi.

Najua hofu yenu, na siidharau. Kikaragosi anaweza kutumiwa kumtukana mtu. Anaweza kukodiwa msimu wa kampeni akafanywa mdomo wa mgombea. Sisi tuna miiko yetu: kikaragosi hamtaji mtu aliye hai kwa jina, hampigii debe mgombea, hasemi jambo la dini ya mtu. Iandikeni miiko hiyo kwenye mkataba, tutaitia saini kwa furaha. Ila tukubaliane kwamba swali la gari la taka si siasa. Na kumbukeni kwamba mwaka 2009, muda mfupi tu baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi wa 2007, Gado, mchora katuni aliyezaliwa Tanzania, alileta The XYZ Show kwenye televisheni, vikaragosi vya mpira vyenye sura za wakubwa wa nchi, na Wakenya wakakaa sebuleni kuvitazama pamoja, wa chama hiki na wa chama kile. Sisi wa madikoni hatufiki hata robo ya ukali ule.

Kuna jambo jingine ambalo vikaragosi hulifanya vizuri kuliko bango lolote, nalo ni kuonyesha kisichoonekana. Owino Uhuru, hapa Mombasa, watu waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Madini ya risasi hayana harufu ya kumwamsha mtu usiku. Huingia kwa vumbi, kwa maji, kwa mikono ya mtoto anayecheza chini. Phyllis Omido aliyapigania hayo miaka mingi, akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Katika mchezo wetu wa sumu tunatumia uzi wa sufi mwekundu. Unatoka kwenye bomba la moshi, unashuka juu ya bati, unaingia kwenye mtungi, unapita kwenye kikombe cha mama, unaingia kifuani kwake, unatokea kinywani mwa mtoto. Hatusemi neno. Uzi unapita tu, na kikaragosi mdogo anaushika mwisho wake anauchezea. Kila tunapofika hapo, kuna mzazi anayemvuta mwanawe karibu. Naamini maswali ya mwanzo kabisa katika mitaa kama ile huulizwa na kina mama, chini kwa chini, miaka kabla hayajafika mahakamani. Nataka yapate mahali pa kuulizwa kwa sauti mapema.

Huenda baadhi yenu mliona picha za The Herds, kundi la wanyama wa maboksi na mbao nyembamba, wakubwa kama wanyama halisi, waliotoka Kinshasa Aprili 2025 wakapita Lagos, Dakar, Morocco na Ulaya hadi kaskazini mwa Norwe, kilomita 20,000, wakiigiza wanyama wanaolikimbia joto la dunia. Vielelezo vya kwanza vilibuniwa na kundi la Ukwanda la Cape Town, na kila mji vijana wa hapo walifunzwa kuwaendesha. Nilizitazama video zile na machozi yalinitoka, kwa kuona kazi ya mikono ya Waafrika imesimamisha miji mikubwa. Lakini kama kuna afisa anayefikiri sasa kaunti yake nayo ipate onyesho kubwa la siku moja, lenye wageni wa heshima na kamera, namsihi aigawe fedha hiyo. Aigawe kwa madiko. Twiga wa maboksi barabarani atamshangaza mtoto, na ni vyema ashangae, ila hatamngoja bibi yake amalize kuuliza.

Kuhusu shule nitasema kwa ufupi. Vikaragosi vimo katika mtaala wa umilisi, na walimu wengi wanavifundisha kutoka kwenye picha ya kitabuni kwa sababu hawajapata kuvishika. Wachezeshaji wapo katika kila kaunti ya Pwani. Siku mbili za mafunzo kwa muhula zinatosha kuanzia, na chekechea ziko mikononi mwenu tayari. Mtoto wa chekechea haoni haya kwa kikaragosi. Yupo mmoja aliyemnong'oneza Bi Kasa kwamba nyumbani kwao hunywa maji ya kisima chenye chumvi na yeye tumbo humuuma kila asubuhi. Mwalimu wake alikuwa hajui.

Na kibali. Leo tukitaka kusimamisha nguzo nne na shuka tunaelekezwa kwa chifu, kituo cha polisi, ofisi ya utamaduni, ofisi ya mapato, na wakati mwingine ofisi ya mazingira iliyotuita yenyewe. Tunaomba karatasi moja, ya mwaka mzima, kwa maonyesho ya wazi yasiyotoza kiingilio. Wachezeshaji wengi wazuri wameacha kazi hii wakaenda kuendesha bodaboda. Hawakushindwa na njaa ya kazi yenyewe, walichoshwa na ngazi za ofisi.

Kusi likishika, mashua hupandishwa na wavuvi wengi hukaa nchi kavu. Huo ndio msimu wetu. Tutarudi kwenye diko lile, baada ya alasiri, kwa gharama yetu kama haitawezekana vingine. Gamba la Bi Kasa tumelishona upya, maana watoto walinyofoa vipande viwili vya buluu. Juzi nilipita pale, na yule mama karanga akaniuliza kama jibu limekuja. Nikamwambia bado, ila naandika barua. Akaniuliza kama ndani ya barua nimetaja siku za gari. Nilikuwa sijazitaja. Basi nazitaja sasa, kama alivyoniagiza: yeye angependa Jumanne na Ijumaa, asubuhi mapema, na wiki ya bamvua lisichelewe.

Wenu kwa heshima,
Mchezesha vikaragosi, Pwani ya Kenya